Kilo za Kupandia Mtumbwi

Kibaoni, Ifakara
Tarehe 11 Mei 2025

Kwa Baba yangu mpendwa, Mzee Antoni,

Shikamoo Baba. Naiamkia na fimbo yako, maana najua umeiegemea sasa hivi huku unatafuta miwani. Ipo kichwani, Baba. Ishushe, halafu tuendelee.

Naomba barua hii ikukute mzima, na baridi ya Mahenge isiwe imekugandisha magoti. Dada Restituta msalimie sana, mwambie yale maharage aliyotuma yalifika, na yule konda aliyeyaleta alikuwa ameshajipunguzia ushuru wake. Sisi huku hatujambo. Mwanabaraka mke wangu mzima. Ritha mjukuu wako mzima, yuko darasa la sita, amenipita elimu kwa madarasa mawili, sasa ananisahihisha hata nikisalimia wageni. Mimi pia ni mzima, ila nimepungua. Huko kupungua ndiko kumenifanya ninunue hili daftari.

Utaniuliza kwa nini nisimpigie Restituta akuwekee simu sikioni. Baba, unanijua. Mdomo wangu ukikabidhiwa jambo zito unaligeuza utani kabla halijafika kwa mwenyewe. Kalamu afadhali, kwangu ni nzito kama jembe, haina mbio. Tena herufi ulinifundisha wewe, ukizichora mchangani pale kivukoni kwa ncha ya pondo lako la kusukumia mtumbwi, kabla mwalimu yeyote hajanichapa. Kwa hiyo makosa utakayoyakuta humu, mwalimu ni wewe.

Habari za huku ni mvua. Mto ulijaa mpaka ukasahau kwao, sasa ndiyo umeanza kurudi nyuma. Mpunga wa mapema umeshika, na akina mama wameanza kutwanga pepeta. Ukipita Lipangalala jioni unasikia vinu vinaitikiana, na ile harufu ya mpunga mbichi ukikaangwa inakufuata njia nzima kama mbwa wa jirani. Mimi siku hizi nikiisikia nasimama. Nasimama tu, nashika ukuta wa watu, mpaka inapita.

Nimesikia habari zangu zilipanda basi la Mahenge kabla yangu. Restituta alimwambia Mwanabaraka kwamba kuna mtu kafika huko akasema Egidi wa mzee Antoni anaisha, shati limemning'inia kama limeanikwa, na kwamba wewe ulienda kukaa nyuma ya nyumba mpaka chakula kikapoa. Hilo la chakula kupoa limeniuma kuliko yote.

Basi sikia kutoka kwangu mwenyewe. Sina ngoma. Sina kifua kikuu. Sijarogwa, ingawa Kibaoni hapa wameshanitafutia mchawi na wameshamchagua. Nimekatwa tumbo, Baba. Kwa hiari yangu, na karatasi nilitia saini mimi, ile saini yangu inayofanana na konokono.

Nianze mwanzo. Mwaka juzi sukari ilinipanda mpaka miguu ikawa inawaka moto kama nimekanyaga majivu. Nikaenda kwa daktari, akaniambia nipande mizani. Mizani yao inaishia kilo mia na hamsini. Mshale ulikimbia, ukagonga mwisho, ukabaki pale unatetemeka kama mbuzi aliyeona kisu. Daktari akauliza kama nina mahali pengine pa kupimia. Kija, yule Msukuma ninayeuza naye mchele, akasema mbona mizani tunayo, ya magunia. Nikaenda nikapanda palepale ghalani, mbele ya wabeba mizigo. Kilo mia moja na sabini na moja. Kija akatangazia ghala zima kwamba hili ni gunia moja na lumbesa, na kwamba halitoki hapa bila kulipiwa ushuru. Tulicheka sote. Nilicheka kuwazidi, ndiyo desturi yangu, usipocheka wa kwanza watu wanakucheka peke yako.

Lakini mambo yalikuwa yamefika pabaya. Boda walikuwa wananitoza abiria wawili, na wengine wananiona wanawasha wanaondoka. Kanisani nilipewa benchi la nyuma peke yangu kama padri mgeni. Na Mwanabaraka alikuwa halali. Alisema nikilala napiga mbizi, pumzi inazama, naye anahesabu akisubiri niibuke, na nikichelewa ananipiga kiwiko. Mwanamke wa watu amemaliza miaka mitatu anahesabu.

Nikaandikiwa rufaa ya Dar es Salaam. Huko nilimkuta daktari wa kike, Daktari Elineema, mtu mfupi, mpole, anayeongea kama anakuhesabia chenji. Aliniambia kuna njia mbili. Kuna kuwekewa puto tumboni, linajaza nafasi, unashiba mapema, baadaye linatolewa. Na kuna kukatwa, sehemu kubwa ya tumbo inaondolewa, inabaki kama ndizi moja, na hiyo hairudi tena maisha yako yote. Akasema kwa kilo zangu na sukari yangu, yeye anashauri ndizi. Nikamuuliza ndizi gani, mzuzu au kisukari. Alicheka kidogo, halafu akasema nirudi nyumbani nikaongee na mke wangu, maana ndizi hiyo atakuwa anaipikia yeye.

Mwanabaraka alikataa. Alikataa siku ya kwanza, akakataa na ya pili. Alisema yeye amezaliwa kwenye nyumba za kiwanda cha sukari kule Kidatu, na pale kila kabila lipo na kila dini ipo, lakini wote wanakubaliana jambo moja, kwamba kitambi cha mume ndicho cheti cha mke. Nikikonda watasema hapiki, au anapikia mwingine. Akasema tena hawezi kunipeleka Dar kwa miguu yangu akarudi na jeneza. Siku ya tatu nikamwambia sababu moja ambayo sikuwahi kumwambia tangu tuoane. Akainuka akaenda kumwita jirani aje aone power tiller yetu ya kulimia, kwamba tunaiuza.

Sababu hiyo ipo chini huko, Baba. Usiruke mistari. Najua unavyosoma barua, unaanzia sahihi.

Wewe sikukuambia, wala Restituta. Nilisema naenda Dar na mzigo wa mchele. Mzigo kweli ulikuwepo, ila nilikuwa nimeuvaa.

Kabla ya kukatwa wanakufundisha kwanza. Kuna wa lishe, anakuonyesha picha za sahani. Halafu kuna wa ushauri, dada mmoja anaitwa Margareta, kazi yake ni kukuuliza kwa nini unataka kukatwa. Nilimwambia suruali zimekuwa ghali. Hakuandika. Nikamwambia boda wananikimbia. Hakuandika. Akaniuliza mara ya tatu, taratibu, huku ameweka kalamu chini. Hapo Baba mdomo wangu ulitafuta utani ukakosa. Nililia mbele ya mtoto wa kike anayeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho. Nilipomaliza kusema, akaokota kalamu, akaandika mstari mmoja, akasema sasa naweza kwenda.

Wiki mbili za kabla ya upasuaji hakuna wali, hakuna ugali, ni vinywaji na supu, wanasema ini lisinyae lipishe njia. Tulifikia kwa ndugu wa Mwanabaraka kule Mbagala. Siku ya nne nilikamatwa jikoni nakwangua ukoko kwenye sufuria la watu. Shemeji alinyanyua mwiko. Nilimwambia nasaidia kuosha vyombo.

Siku yenyewe niliingia saa mbili asubuhi. Nakumbuka taa, nakumbuka nesi akiniambia nihesabu, nikaanza kuhesabu magunia. Nilipoamka kulikuwa na matundu matano tu tumboni, madogo, kama ya panya kwenye gunia, na bega linauma kuliko tumbo, wanasema ni hewa waliyokujaza. Nilimwomba Daktari Elineema anipe kile kipande alichokikata nikakizike Kibaoni, maana kimekula nami miaka arobaini na moja, hakistahili kutupwa ugenini, na mimi nipate rambirambi. Akasema hospitali ina taratibu zake. Hivyo Baba, sehemu yangu kubwa imebaki Dar, mimi nimerudi na masalia.

Halafu ndiyo nikajua njaa kumbe haikai tumboni. Walinipa maji kwa kikombe kile cha dawa ya kikohozi ya mtoto. Kimoja, unasubiri, kimoja tena. Ukigugumia unajuta. Wiki ya kwanza maji na mchuzi uliochujwa. Baadaye uji mwepesi unaoona mpaka chini ya bakuli. Baadaye ndizi iliyopondwa, yai, samaki wa kusaga. Vijiko vitatu nimeshiba, kweli nimeshiba, ukiongeza kimoja kinarudi na salamu. Lakini macho hayakukatwa. Pua haikukatwa. Mwanabaraka akiinua mfuniko wa wali nje pale, mimi ndani roho inatoka inaenda kukaa mkekani peke yake.

Nilikosea mara moja. Kija alibatiza mtoto wake kule Kiberege, mwezi wa tatu baada ya kukatwa. Nikawekwa kwenye sinia la wazee, wali na samaki kitoga wa nazi. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mdogo hanawi kabla wakubwa hawajatosheka, kwamba kutoa mkono mapema ni kusema chakula cha watu kina sumu. Basi nikala. Tonge la kwanza tamu, Baba, tamu mpaka nikafumba macho. La tatu likakwama. La tano nikatoka jasho. Nilinyanyuka mbele ya wazee mkono una mafuta, nikakimbilia nyuma ya jiko, na kila mtu alisikia. Mama mmoja akasema huyu bwana ndiyo basi, na mwingine akauliza watoto wangapi anawaacha. Kija akajaribu kuwaeleza kwamba nina tumbo la ndizi, wakamwona na yeye amelewa.

Tangu siku hiyo nimepata ujuzi. Nakaa sinia, mkono wangu unaingia, natembeza tonge. Linatoka upande wangu linazunguka linarudi, limekuwa gumu kama gololi, na wazee wanaona niko nao. Mpaka wanashiba wote, nanawa wa mwisho, kijana mwenye adabu. Kwa hiyo ulichonifundisha sijakitupa.

Biashara nayo ilitaka kunifia. Zamani mteja akiniona tu ananunua, tumbo langu lilikuwa bango la mchele wa Kilombero. Sasa wanauliza kama dalali mwenyewe kakonda hivi, huo mchele wake una nini. Ngozi imebaki inaning'inia kama gunia lililomwagwa, naikunja naichomekea. Natembea na picha yangu ya zamani mfukoni, nawaonyesha wateja kwamba huyu ndiye mimi na huyu ndiye mchele. Wanacheka, wananunua. Sukari imeshuka, vidonge vimebaki vya presha tu, na Mwanabaraka analala mpaka anakoroma yeye. Natembea kwa miguu kutoka Kibaoni mpaka kivukoni bila kukaa njiani.

Sasa tumefika kivukoni, Baba. Na mimi ndiko nilikokuwa nakwenda tangu mstari wa kwanza.

Ni miaka saba mwezi huu. Unakumbuka tulikuwa tunatoka shamba la ng'ambo, gunia tano za mpunga, wewe umesimama nyuma na pondo, mimi nimekaa katikati. Ulinipimia kabla hatujaondoka, kama unavyompimia kila mtu. Uliweka mkono ubavuni mwa mtumbwi, ukasema mtumbwi unataka vidole vinne vikavu kati ya maji na ukingo, na leo vipo viwili. Ukanitazama. Hukusema ni kwa ajili yangu. Ulisema tutashusha gunia moja, tutalirudia. Mimi nikasema, Baba twende, tutafika. Ukaniambia basi nikae kama gunia, nisigeuke mpaka tuguse nchi kavu.

Mama alikuwa ametupa pepeta, kwenye kikapu kile cha ukindu chenye kifuniko. Alikiweka nyuma ya magunia, akasema ni ya watu wote wa nyumbani, tusile njiani. Ilikuwa bado ya moto.

Tulipofika pale kwenye matete wanapolala viboko, ulifanya ulichokifanya maisha yako yote. Uligonga ubavu wa mtumbwi kwa pondo, ko, ko, ko, ukasubiri, ili mwenyewe akiwepo asikie atupishe. Maji yalikuwa kimya. Na katika ule ukimya harufu ya pepeta ikanijia.

Baba, hakukuwa na kiboko.

Niligeuka mimi. Nilipiga magoti, nikajinyoosha juu ya magunia kufuata kikapu, kiganja kimoja tu, nilijiambia. Nikasikia mtumbwi unakwenda chini ya goti langu. Na kabla sijafika majini, kabla sijajua nasema nini, mdomo huu uliopiga kelele maisha yake yote ukapiga kelele kiboko.

Wewe ulinishika kwa shati. Umri ule, mimi na kilo zangu, ukanisukuma mpaka kwenye matete, halafu ukageuka, ukasimama kati yangu na maji, mikono mitupu, unauliza yuko wapi, yuko wapi. Ulikuwa unanikinga na mnyama ambaye hakuwepo. Mtumbwi aliouchonga babu ukaenda na maji na mpunga wote. Kikapu nilikiona kinaelea kidogo, halafu nacho kikaenda, likabaki pondo tu limekwama kwenye matete.

Hata hapo ningeweza kusema. Ulikaa chini unatweta, ukaniuliza, taratibu, kama mtu anayeuliza njia kwa mtoto, kama ulisahau kugonga. Nami nikasema labda, Baba.

Labda. Neno moja. Nimesema maneno mengi ya uongo kwenye mchele, nimesema wa mwaka huu ni wa mwaka huu na kumbe sivyo, lakini hakuna lililokaa tumboni mwangu kama hilo. Daktari alikata karibu tumbo lote, hilo akaliacha.

Mzee Silvano, mvushaji mwenzako, akalichukua neno hilo kivukoni, akasema Antoni uzee umemwanzia mkononi, amesahau kugonga. Wapiga kafi wakacheka. Wewe hukubisha. Mtu ambaye hajawahi kuzamisha abiria, si padri, si mama mjamzito, si ng'ombe, ukalitundika pondo ukutani, ukaacha kuvusha watu. Mama alipofariki mwaka uliofuata, aliondoka akijua kiboko alikula pepeta yake. Ulipomaliza arobaini ukasema unakwenda Mahenge kwa Restituta, kwa kuwa kule hakuna mto. Nilikusindikiza stendi nikikuchekesha. Ulipopanda basi hukugeuka, na mimi nikafikiri umejua. Kumbe labda ulikuwa unaogopa tu kuuona mto ukipita darajani.

Tangu hapo nilikula, Baba. Nilikula kama mtu anayezika kitu. Kilo thelathini zile za juu sikuzipata kwa tamaa.

Hiyo ndiyo sababu niliyomwambia Mwanabaraka, ndiyo aliyoiandika yule dada Margareta. Kwamba nataka kumwomba baba yangu msamaha, na sitaki kumwomba nikiwa ukingoni wala barabarani. Nataka nimwombe nikiwa ndani ya mtumbwi, ameushika yeye, na ukingo una vidole vinne. Lakini hakuna mpiga kafi mwenye akili ambaye angenipandisha nilivyokuwa. Ndiyo nikaenda kukatwa. Miguu imepona, sukari imeshuka, namshukuru Mungu, lakini hizo ni nyongeza.

Mwezi uliopita nilikwenda kivukoni. Walikuwepo wote, Mzee Silvano anashona wavu. Nikasimama nikasema hakukuwa na kiboko, nilikuwa mimi. Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Ndiyo malipo ya mtu wa utani, siku ukisema kweli wanakupigia makofi. Nikasema tena, mmoja akasema Egidi leo umezidisha. Nikasema mara ya tatu, nikawaeleza kikapu, nikawaeleza magoti yangu yalikuwa wapi, nikawaambia mzee aligonga. Silvano akaacha kushona. Akaniuliza kwa nini nisingenyamaza mpaka mzee afe, maana wenzangu ndivyo wafanyavyo. Akavua kofia, akaishika mkononi. Halafu akasema maneno aliyoyasema juu yako atayarudisha yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya hao hao, siku utakayofika.

Akanipeleka kwenye mtumbwi wake mpya, akaniambia nipande nikae katikati. Ulikuwa umefungwa kwenye kigingi. Nilipanda nimeshika kingo zote mbili. Akainama, akaweka mkono wake ubavuni, kama ulivyokuwa unaweka wewe. Vidole vinne, akasema, kasoro ukucha. Nikamwambia huo ukucha nitaupunguza.

Sikuvuka. Alitaka kunivusha, nikakataa. Nilikaa tu pale, maji yananigonga chini ya makalio, nikanusa tope, nikanusa matete, nikageuza shingo nyuma, shingo tu, pale unaposimama wewe. Palikuwa pamekaa kofia ya Silvano ameitundika kwenye kafi. Nilikutamani Baba, kama nilivyotamani wali wiki ile ya maji matupu. Zaidi. Wali nimeshajua kuishi bila wenyewe.

Sikuombi unijibu kwamba umenisamehe. Hilo tuliache hapo mtoni, tukifika tutaliona. Nakuomba ushuke wakati wa mavuno, mwezi ujao. Silvano ametoa mtumbwi. Pondo ulilomwambia Mwanabaraka alitie jikoni halikuungua, nililificha darini, na Jumapili nimelipaka mafuta. Usiposhuka sitalalamika, nitapanda mimi mpaka huko nikae nje ya mlango wa Restituta mpaka mnichoke. Siku hizi nalipia siti moja.

Pepeta ya mwaka huu Mwanabaraka ameitwanga. Ritha alinipimia kiganja changu, nikakila, kikakaa kama saa nzima mdomoni, punje moja moja, nikiwa nimekaa kitako. Kikapu kilichobaki ni chako. Anakupa konda pamoja na barua hii, kikague vizuri kabla hajaondoka.

Mwanabaraka anakuamkia. Ritha anakuamkia, anasema atakuletea daftari la ripoti ulitie sahihi wewe, yangu mwalimu ameikataa. Kija anasalimu kwa Kisukuma, sikuelewa, ila alikuwa anacheka. Restituta mwambie asikie yote uliyosoma, usimfiche, nimechoka na vitu vya kufichwa.

Ukimaliza kusoma usiende nyuma ya nyumba. Kula kwanza, chakula kisipoe.

Na ukija kulala leo, lala na hili. Uligonga, Baba. Mara tatu, kama siku zote. Mimi nilikuwa katikati ya mtumbwi, nilizisikia zote tatu.

Ni mimi mwanao,
Egidius Antoni,
kilo mia na tisa.